Mahindi Mekundu ya Agronomu Fideli

Ilianza na harufu. Tamu kidogo, kama rangi mbichi ya mlango iliyochanganywa na sabuni rahisi, na chini yake kitu kinachokwaruza koo. Nilikuwa nasukuma toroli katika ghala moja huku Irving, Texas, ninakofanya kazi ya kupanga mizigo. Gunia likapasuka kwenye kona ya rafu na mahindi yakamwagika miguuni pangu. Yalikuwa mekundu. Si wekundu wa Mungu. Wekundu wa kupakwa, kama kucha za bibi arusi.

Nikainama kuyazoa.

"Mama, acha! Usishike!" Huyo ni Juma, Mtanzania tunayeingia naye zamu moja. "Hiyo ni mbegu, imepakwa sumu ya wadudu. Huoni fuvu la kichwa hapo kwenye gunia? Vaa glavu kwanza."

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini fuvu la kichwa halihitaji shule. Nikamwuliza, "Na mtu akiipika akala?"

Akacheka. "Atakula nani, mama? Labda aliyechoka na dunia."

Ndugu zangu, nina miaka hamsini na kitu. Harufu ile nilikuwa nimeinusa utotoni tu, nikiwa na kama miaka minane. Nilisimama pale na punje tatu mkononi, nikajua nani alimuua Tate wangu.

Tate ni nyanya, hivyo ndivyo tunavyosema kwetu, mashariki ya Congo. Alikuwa mama wa baba yangu. Sisi tulikuwa watu wa pori. Majirani walikuwa na jina la kutuita ambalo sitaliandika hapa, maana kila walipolitamka walitema mate. Porini hatukulima. Mama na shangazi walitoka na vikapu kutafuta uyoga, viwavi na viazi vya mwitu, baba na wenzake wakatega nyavu, na jua likifika utosini watu wamekwisha kurudi, wamelala kivulini wakichekana. Nyama ikija inakatwa siku ileile, kila moto unapata. Nyama kulala kwako ilikuwa aibu. Nyumba zetu za majani hazikuwa na mlango. Mlango wa nini? Wa kufungia nini?

Kazi ya Tate ilikuwa kuonja. Tukihamia sehemu mpya tukakuta tunda tusilolijua, hakuna aliyeligusa mpaka yeye. Analisugua kwanza ndani ya kiwiko, anangoja. Anagusa mdomo, anangoja. Anaweka ulimini, anatema. Kesho yake anameza kipande kama ukucha, na tunangoja jua lizunguke lirudi palepale. Watoto ndio wa mwisho. "Mdomo mmoja utangulie," alikuwa anasema, "mingine ingoje." Sisi tulilia njaa tukimwona mchoyo.

Halafu wakaja watu wenye makaratasi wakasema pori sasa ni la wanyama. Kwa hiyo sisi hatukuwa wanyama. Watu pia hatukutosha kuwa. Walitushusha kwenye kilima kando ya barabara, wakatupa kapita wa kutuangalia, Donati, mtu mwenye fimbo. Na wakatuletea Agronomu Fideli atufundishe kulima.

Fideli alikuja na pikipiki na gunia la mahindi mekundu. Alikuwa na tabia moja: kabla ya kutumbukiza mkono kwenye gunia aliuvika mfuko wa plastiki. Sisi anatumwagia viganjani, yeye mkono wake uko ndani ya mfuko. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Ona, anaogopa uchafu wetu." Tukamchukia kwa hilo.

"Mutapanda, mutangoja miezi ine, mutavuna," akatangaza.

Baba akainua punje juu. "Nizike chakula? Kwani kimekufa?"

Watu wakaangua kicheko mpaka Donati akapiga fimbo chini. Mwaka ule tulizika chakula chote huku wamesimama juu yetu.

Hapo ndipo maisha yalipogeuka, na hakuna aliyetuuliza. Tulianza kukaa mahali pamoja, funza wakatujaa vidoleni. Mama hakutembea tena, aliinama. Watoto tulikaa shambani kutwa tukifukuza nyani kwa mawe, na nyani walipoisha tukaanza kuwaangalia watu. Mkirudi mnaulizana nani alipita karibu na mahindi ya nani. Yule uliyekula naye moto mmoja, sasa unamhesabia hatua zake. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kitabu chake cha shule, picha ya watu wa kale walioacha kuwinda wakaanza kulima. Wote wanatabasamu. Nikamwambia, mwambie mwalimu kuna mtu hakuchorwa, yule aliyekaa pembeni analinda.

Aliyeweza kilimo kutushinda wote ni shangazi Mapendo, dada mdogo wa baba, binti wa Tate mwenyewe. Alikuwa na mkono mzuri na akili ya kungoja. Yeye ndiye wa kwanza kuwa na mlango na kufuli. Msimu wa pili Fideli alileta gunia lingine la mahindi mekundu, akaliacha nyumbani kwa Mapendo kwa sababu ya ile kufuli. "Lisiguswe mpaka mvua," akasema. Hakusema kwa nini. Akawasha pikipiki akaenda zake.

Mvua ikachelewa. Maghala yakawa matupu, pori tumekatazwa. Watoto wakavimba miguu. Tate akaenda kusimama mbele ya mlango wa bintiye.

"Mapendo, una chakula ndani, watoto wanalala njaa. Nani alikufundisha hii?"

"Mama, si yangu. Ni mbegu. Agronomu alikataza."

"Agronomu ndiye alikuzaa?"

Mapendo akalia, lakini kufuli hakufungua. Kilima kizima kikaanza kusema: ana roho mbaya, anaficha, ana kitu. Na mimi nikasema pamoja nao.

Siku ya pili Tate akaniita. "Mkono wako ni mwembamba. Nenda kwa shangazi yako, uchukue." Hakuona kama ni wizi. Porini hapakuwa na neno la namna hiyo kwa chakula. Mapendo alikuwa mtoni. Nikapenyeza mkono kwenye fito za ukuta, palipobanduka udongo. Gunia lilikuwa limeegemea palepale. Nikajaza kibuyu kidogo cha shangazi kilichoning'inia nje, nikakimbia.

Tate akayaosha mara tatu. Maji yakatoka mekundu, akamwaga, yakatoka mekundu tena. Akayasugua ndani ya kiwiko, kimya. Mdomoni, kimya. Ulimini, hayakuwa machungu. Kesho yake akatafuna punje moja, hakuna kitu. Tulikuwa tumekaa kumzunguka, tunameza mate. Akachemsha bakuli moja. "Mdomo mmoja," akasema, akala peke yake, na mdogo wangu alipopeleka mkono akapigwa kofi.

Sumu ya pori inakuuma kwanza. Inakuonya. Ile haikumwonya. Jua halijashuka, Tate alianza kutoka mate kama mtoto mchanga, mwili ukatetemeka, akaharisha, akashindwa kupumua. Hakuliona jua likirudi palepale.

Donati akaja na fimbo yake. "Alikula chakula cha nani?"

Wote wakanitazama mimi, niliyekuwa karibu. Niliogopa. Neno mwizi lilikuwa jipya kilimani, nami nilikuwa nimeona mtu akipigwa kwa ajili yake.

"Cha shangazi Mapendo," nikasema. Nikaishia hapo.

Haikuhitajika zaidi. Mtu ana chakula, anakinyima, halafu mama yake anakila na kufa: mchawi huyo. Fideli alifika kesho yake kwenye maziko. Niliona kwa macho yangu alivyoona kibuyu chenye masalio mekundu. Uso ukambadilika. Akavaa mfuko wake wa plastiki, akachukua kibuyu, akamwaga yote chooni, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Donati alikuwa anapiga kelele kwamba Mapendo amemroga mama yake. Fideli alisikia kila neno, akapanda pikipiki. Mapendo alifukuzwa jioni ileile, mtoto mgongoni. Shamba lake akachukua Donati.

Basi majina ndiyo hayo. Fideli aliyenyamaza. Donati aliyeimba uchawi. Sijawasamehe na sina haraka. Na la kwangu liko pamoja nao.

Baadaye vita vikatutawanya sote, kambi hii na ile, mpaka Texas. Miaka sita nilijua kwamba Mapendo yuko Houston kwa mtoto wake, mwendo wa saa nne kutoka kwangu. Palipokuwa na harusi ya Wakongomani kule, niliuliza kwanza kama shangazi atakuwepo, na nikiambiwa yupo, nasema naumwa.

Jumamosi baada ya gunia kupasuka nilipanda basi. Nilimkuta nyuma ya apatimenti, amechuchumaa kwenye kibustani cha lengalenga, mchicha wa kwetu. Amekuwa mdogo kama mtoto. Hata sikukaa.

"Shangazi, yale mahindi nilichukua mimi."

Akaendelea kung'oa magugu. "Ninajua."

"Ulijuaje?"

"Kibuyu kilikuwa changu, na kilikuwa kwenu. Mukono gani ingepita kwenye fito kama si ya mutoto?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, fimbo ingekuwa yako." Akajipangusa udongo. "Na kusema mutoto wangu ameiba chakula... ile neno nilikuwa sijaizoea bado."

Nikamweleza habari ya fuvu na glavu. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja. "Ule mufuko wa Fideli?"

"Alikuwa anajikinga, shangazi. Alijua."

"Na sisi tulifikiri anatuona wachafu," akasema, akaitazama mikono yake mitupu.

Ndani aliniwekea ugali na sombe, kisamvu cha kwetu. Nikamega tonge, na mkono ukakwama njiani. Aibu iliyonishika siwezi kuiandika, lakini mkono ulikataa. Umeshuku miaka arobaini, haujui kuacha. Tate alishuku kila chakula kipya, lakini sikumbuki amshuku mtu. Sisi kule barabarani tulijifunza kinyume: tukaliamini gunia, tukamshuku ndugu. Hicho ndicho kilimo walichotufundisha.

Mapendo aliona. Akavuta sahani yangu, akachota sombe kwa kidole, akaipaka ndani ya kiwiko chake. Akagusa mdomo. Akaweka ulimini. Akameza, akanirudishia sahani.

"Mudomo mumoja umetangulia," akasema. "Lakini usingoje jua lizunguke, mama. Itapoa."

Nikala.