Kibanio cha roli la Lazaro

Jamani, leo nimesema asante huku roho inaniuma.

Mnamkumbuka Lazaro, yule tuliyekuwa tunachapa naye twiga wadogo wa kuuzia watalii hapa Karatu, kwa printa ya 3D. Tangu tumzike kwao Kansay, roli lake la uzi mwekundu wa plastiki, ule printa inaouyeyusha kuchapia, sijaligusa. Uzi ulibaki kidogo tu, na ulikuwa unafunguka ovyo. Jana nikachora kwenye kompyuta kibanio cha kushika ncha yake.

Asubuhi dada Neema, msaidizi wangu, ananipokea anacheka: "Kaka, vibanio nimeshakuchapia! Nimetumia ule uzi mwekundu, si ulikuwa umekaa tu?"

Nyie mngemwambia nini?

Nimechukua kimoja, nikakibana kwenye roli la Lazaro.

Hakina cha kushika.