Gia Nne za Kurudi Nyuma

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi. Nakumbuka hivyo kwa sababu niliitazama saa yangu ya mkononi ili niandike katika daftari muda ambao gari letu lilianza safari yake ya kwanza. Kaka yangu Ambokile alikanyaga klachi, akaweka gia ya kwanza, akaachia taratibu. Gari likaondoka vizuri, bila kishindo, likaenda nyuma, likaingia jikoni kwa mama.

Mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nakueleza jambo hili kwa sababu naona wewe nawe umeanza kununua vyuma na kuvipima.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nyumbani kwetu mlimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mbeya mjini. Kaka alikuwa ameuza ng'ombe wake wote wanne akanunua landrova kuukuu kwa mzungu mmoja aliyekuwa akichimba dhahabu Chunya. Gari lilikuwa zima isipokuwa injini: maji yalikauka njiani, bloku ikapasuka. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alimwahidi kaka kazi ya kusomba mpunga kutoka Rujewa msimu mzima, maana malori yake yalikuwa yakizama kwenye tope la huko Usangu. Sharti lilikuwa moja tu. Jumatatu ya kwanza ya mavuno gari liwe Rujewa, lisipofika kazi anapewa mwingine.

Mimi sikusomea ufundi. Niliishia darasa la nne, nikajifundisha kwa kitabu chenye michoro ya injini, nikitafuta maana ya kila neno katika kamusi. Mengine niliyapata kwa Fundi Salehe, mzee ambaye wazazi wake walitoka pwani, aliyekuwa na gereji ndogo karibu na soko. Nilipomwambia kwamba kuna injini ya dizeli inauzwa Rujewa, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, alifuta mikono kwa kitambaa kwanza, kidole kimoja kimoja. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Nenda," alisema. "Lakini usiinunue ikiwa imelala. Mwambie mwenyewe aiwashe, ukae kitako, uitazame ikikoboa gunia zima."

"Nitapima kila kitu, Mzee."

"Kupima sijakukataza, bwana mdogo. Nimekwambia uitazame."

Nikaenda Rujewa na futi, rula ya chuma na daftari. Nilipima tangu asubuhi mpaka alasiri: urefu, upana, unene wa shafti, nafasi kati ya matundu ya boliti. Nilijaza kurasa kumi na moja. Mwendesha mashine alikuwa baba mmoja wa Kisangu, amejaa pumba hadi kwenye nyusi. Alinionyesha mpini wa kuwashia, akanieleza kwamba unazungushwa kwenda kushoto. Nikaandika: *Mpini, kushoto.* Nikageuza ukurasa.

"Niiwashe uione?" akaniuliza.

Lori la kurudi Mbeya lilikuwa limeanza kupakia. Lakini niseme kweli, hata kama lori lisingekuwepo ningekataa. Niliona haya kukaa chini nikikodolea macho mashine kama mtu asiyejua kitu, ilhali vipimo vyote ninavyo mkononi. Nikamjibu, "Haina haja, baba."

Tukainunua, tukaileta nyumbani, na kazi ya kuifunga kwenye gari ilituchukua siku kumi na mbili. Tulisimamisha miti mitatu ya mkaratusi, tukafunga mnyororo juu, majirani wakaja kuvuta, mama akawapikia ndizi na maharage. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata spana zikitushika vidole kwa baridi. Hadi leo nikisikia harufu ya mkaratusi uliokatwa, namwona kaka akipuliza mikono yake na kucheka. Nilichonga mwenyewe bamba la kuunganisha injini na giaboksi, na likakaa bila mwanya wa kupitisha hata wembe. Fundi Salehe sikumwita. Nilitaka nimwite siku ya kupanda gari likiwa tayari.

Basi ndiyo hiyo Jumamosi. Ukuta wa jiko ulianguka juu ya chungu. Mama alikuwa bustanini akichuma mboga, Mungu alimnusuru. Akaja, akaiangalia landrova iliyosimama penye mafiga yake, akaniangalia na mimi.

"Gwakisa, nilikutuma kuni. Gari kakutuma nani?"

Tukajaribu gia zote. Nne zilirudi nyuma. Ile ya kurudi nyuma ndiyo pekee iliyokwenda mbele, kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni.

Jirani yetu, Baba Tumaini, alikaa kwenye gogo akacheka mpaka akashika mbavu. "Ambokile, nenda nalo hivyo hivyo! Ng'ombe wa Usangu watafikiri unarudi, kumbe ndiyo unakwenda."

Kaka hakucheka. Alizima injini, akasema kwa sauti ya chini, "Jumatatu ni keshokutwa, mdogo wangu."

Nikateremka mjini karibu nusu ya njia mbio. Fundi Salehe alikuja baada ya sala ya adhuhuri, akisukuma baiskeli mlimani. Hakugusa spana. Aliuliza swali moja tu.

"Uliitazama ikikoboa?"

Uongo nilikuwa nao tayari: kwamba dizeli ilikuwa imewaishia. Lakini kaka alikuwa amesimama pembeni yangu.

"Sikuitazama, Mzee."

"Lete daftari."

Akasoma kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Kwenye ukurasa wa tisa kidole kikasimama. "Mpini, kushoto. Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Gari gani umewahi kuliwasha kwa kuzungusha kushoto?"

"Hakuna, ila hili."

"Basi daftari lilijua tangu Rujewa. Wewe ndiye hukujua." Akalifunga, akanirudishia kwa mikono miwili. "Mashine ya mpunga haina mbele wala nyuma, mwanangu. Mkanda ukizunguka huku au kule, mchele utatoka. Gari lina mbele, na injini hii inazunguka kinyume na za magari. Ungekaa kitako ikikoboa gunia moja, ungeuona mkanda unakwenda wapi."

Jumatatu kaka alikwenda mwenyewe kwa yule mfanyabiashara. Alirudi saa saba mchana, akavua koti, akalitundika kwenye mti wa kuvutia injini. "Kapewa mwingine," akasema. Kisha akachukua spana namba kumi na saba, akainama. "Haya. Tuanze kufungua."

Hakuniambia neno lingine juu ya jambo hilo mpaka alipofariki. Injini tuliirudisha Rujewa kwa bei ya chini kuliko tuliyonunulia, na baada ya miezi miwili Fundi Salehe alitupatia ya petroli iliyozunguka upande unaotakiwa. Ukuta wa mama niliujenga upya peke yangu. Sikutaka msaada.

Kwa hiyo, mwanangu, pima. Andika. Mimi bado naandika, na sijutii hata ukurasa mmoja. Lakini kabla hujakitoa kitu mahali kinapofanyia kazi, kaa ukitazame kikifanya kazi hiyo, hata kama lori linapiga honi. Ukiandika jambo ambalo hujawahi kuliona kwingine, usigeuze ukurasa. Simama hapo, uulize kwa nini. Na aliyekuonya mwite mapema, kazi ikiwa bado haijafungwa, maana ukimwita kuja kusifu tu umemnyima nafasi ya kukusaidia.

Mungu akupe mikono yenye uangalifu na macho yasiyo na haya ya kutazama. Akupe na ndugu kama Ambokile, atakayeinama na kushika spana pamoja nawe siku utakapokosea, kama yeye alivyoshika, nami nimemtia hasara ambayo, ukihesabu na kazi ya mpunga aliyoikosa, ilifika shilingi mia saba na tisini na tatu.