Taa Nane za Breki

Abiria ndio waliompa jina la Breki. Kwa miaka thelathini aliendesha mabasi ya masafa marefu, na kila kituo alishuka kukagua breki, akapanda, akaketi, kisha akashuka tena kuhakikisha kwamba kweli alikuwa amezikagua. Alipostaafu akanunua basi dogo lililochoka, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi na friji isiyozidi ukubwa wa ndoo mbili. Akamwahidi mkewe kwamba sasa watazunguka wawili tu, bila abiria wa kumpigia kelele kwamba anachelewa.

Kikwazo kilikuwa insulini. Mkewe ana kisukari, na dawa yake haitaki joto. Wiki iliyopita walijaribu kulala ndani ya gari, na balbu nane za zamani, zenye moto wa kuchemshia yai, zikanyonya betri mpaka ikakata roho. Friji ikageuka kabati. Dawa ikatupwa. Binti yao, ambaye ni nesi, hakupandisha hata sauti, na hilo ndilo lililomtisha Breki.

"Baba, nakuja Jumamosi saa kumi jioni. Taa zote ziwe zinawaka tangu asubuhi, injini imezimwa. Nikikuta friji imezidi nyuzi nane, mama haendi popote na hilo gari."

Jumamosi asubuhi Breki akapanda juu ya stuli na pakiti ya taa za LED. Muuzaji alikuwa amemwapia kwamba zote nane kwa pamoja hazili umeme wa balbu moja ya zamani. Akachomoa za zamani, akachomeka mpya, akabonyeza swichi.

Zikawaka tatu.

"Nimeunguza nyaya," akasema, jasho likimtoka kama anayesukuma lori.

"Mbona sisikii harufu?" mkewe akauliza kutoka kitandani, akifuma sweta.

"Itakuja."

Akampigia simu muuzaji.

"Mzee wangu, hizo zina upande wa chanya na upande wa hasi," akaambiwa. "Ukizichomeka kinyume zinakutazama tu. Waya mwekundu uko upande gani?"

Breki akatazama dari. Waya mwekundu haukuwepo. Wakati wa kulitengeneza gari hilo, mkewe alitaka nyaya zisionekane darini, naye kwa mapenzi akatandaza nyeupe mwanzo hadi mwisho: chanya nyeupe, hasi nyeupe, mapacha waliovalishwa sare. Balbu za zamani hazikuwahi kuuliza umeme unaingilia mlango gani.

"Zote nyeupe," akanong'ona.

"Duh! Nitajie huyo fundi, nisije nikampa kazi."

"Alishastaafu."

"Basi chomoa, geuza, chomeka. Hazijaungua."

Akageuza tano. Saa mbili na nusu ndani kulikuwa kweupe kama chumba cha upasuaji. Mtu mwingine angeketi anywe chai. Breki akafungua friji. Mle aliweka kikombe cha maji badala ya dawa, na kipimajoto kando yake: nyuzi nne. Akafunga. Na kama joto lilipanda alipokuwa anafunga? Akafungua tena.

Kufika saa sita kipimajoto kilisoma tisa.

"Mama, tumekwisha! Betri inakufa!" Akaipima betri, ilikuwa nzima kabisa. Akazidi kuogopa, maana ugonjwa usioonekana ndio mbaya.

Mkewe akaweka sindano za kufumia chini. "Umefungua hiyo friji mara ngapi?"

"Mara chache."

"Arobaini na moja. Nimeacha kuhesabu mishono, nahesabu wewe. Baridi yote umeitoa nje, sasa unaisingizia betri."

Mkewe akavuta stuli, akaketi, mgongo akauegemeza kwenye mlango wa friji.

"Nichungulie mara moja tu."

"Nenda kakague breki."

Akaenda. Mara tatu.

Saa kumi kamili nesi akaingia, akavua viatu mlangoni, akahesabu taa kwa kidole kama anayehesabu wagonjwa. Mama akasogeza stuli. Breki akashika ukingo wa jiko. Kwa muda wa saa nne mlango ule haukuwa umefunguliwa. Humo ndani mngeweza kuwa na nyuzi tatu au thelathini. Binti akafungua, akainamia kipimajoto. Akakaa hivyo muda ambao basi zima lingeshuka na kupanda.

"Sita," akasema.

Breki akaketi juu ya kitanda, moja kwa moja juu ya sweta.

Nesi akatoa vikasha vya insulini kwenye mfuko wa barafu, akavipanga ndani, akafunga mlango taratibu. "Haya, nendeni. Lakini baba, mlango huu anafungua mama."

Alipotoka kwenda kuleta begi la mama, Breki akasimama. Alitaka tu kujua kama mlango umeshika vizuri. Mkono ukaanza safari yake.

"Thubutu," mkewe akasema, bila kuinua macho.

Mkono ukaingia mfukoni.