Safari Moja Isiyo ya Kukimbia

Siku masomo yalifungwa, Bienvenu alirudi na buletini yake ya pointi mukononi, akaitupa juu ya meza, akauliza:

"Mama, vakanse hii tutakimbilia wapi?"

Mama yake, mama mudogo Adelaïde, alikuwa anachagua sambaza ku lungo, zile samaki ndogo-ndogo za ziwa letu. Mukono wake ulisimama. Mimi nilicheka, nilifikiri ni muzaha. Bienvenu hakucheka. Iko na miaka saba na haulizi kitu kwa kuchekesha watu.

"Nani alikuambia tutakimbia?"

"Mwalimu. Amesema vakanse ni wakati watu wanatoka kwao, wanaenda fasi ingine."

Njo pale nilielewa. Kwa ule mutoto, kutoka kwenu na kwenda fasi ingine iko na jina moja tu.

Mama mudogo Adelaïde ni mudogo wa mama yangu. Tunakaa mu kiwanja kimoja hapa Kirotshe, mulango wao unaangalia wetu, kwa hiyo mambo yake mengi nimeyaona na macho, na ile sikuona nimemuuliza. Alizaliwa kule juu, Bihambwe, fasi mashamba ya maharagi yanapanda mulima mupaka yanagusa mawingu. Mara ya kwanza alikimbia akiwa mugongoni mwa mama yake. Mara ya pili alikuwa amevaa uniforme ya masomo ya primere. Kisha alikimbia akiwa bibi-arusi mupya, chungu chake cha ndoa hakijawa cheusi bado. Myriam, mutoto wake wa pili, alizaliwa ku barabara karibu na Sake, nyuma ya kibanda cha muuza makala ya kupikia, wamama wameshika vitenge vyao kama ukuta. Siku moja nilimuuliza kwa jumla ni mara ngapi. Akaniangalia.

"Weye unahesabuka mvua?"

Bwana yake, papa Grégoire, iko Omate, mu Walikale, anachimba zahabu. Alienda kwa muda mufupi, kisha barabara ikakatika katikati yao: huku kuna watu wenye bunduki wa upande moja, kule wa upande mwingine, na kila upande unauliza mutu anayepita anatoka kwa nani. Anapiga simu siku akipanda kilima kile iko na rezo.

Ile swali ya Bienvenu haikumutoka mama mudogo. Siku mbili tatu hakuimba akipika. Halafu jioni moja alituita wote, akasema kama mutu anasoma tangazo ku kanisa:

"Mwezi wa nane tutaenda vakanse. Ku mulima, kwa koko Euphrasie."

Koko Euphrasie ni bibi yetu. Alikuwa amerudia shamba lake Bihambwe tangu msimu uliopita, akisema heri baridi ya kwao kuliko mbu ya ziwa.

Jirani yetu, mama Valérie, aliposikia alipiga makofi mupaka watoto wa njia wakaja kuangalia.

"Vakanse! Adelaïde, umekuwa madamu wa ONG, wale wa misaada? Utavaa na kofia kubwa?"

"Nitavaa. Na lunette ya jua ku macho."

"Watu wote wanashuka, weye unapanda!"

"Njo maana napanda. Nimechoka kushuka."

Papa Grégoire naye alipopiga simu hakupenda. Mama mudogo alikuwa ameweka sauti kubwa ili watoto wasikie baba yao, kwa hiyo mimi pia nilisikia.

"Unapeleka watoto kule kufanya nini?"

"Kufanya bure."

"Bure?"

"Bure kabisa. Kula maharagi mabichi, kunywa maziwa, kufukuza ndama. Halafu kurudi."

Mama mudogo alisogeza simu karibu na watoto.

"Kurudi," papa Grégoire akasema polepole, kama mutu anaonja muchuzi. "Haya. Lakini ukisikia kitu..."

"Nikisikia kitu nitajua, papa Bienvenu. Hiyo njo masomo nilimaliza."

Mimi nilikuwa nafikiri kazi kubwa ya kupanga safari ni kutafuta moto, zile pikipiki za kubeba watu, na chakula na maswetere. Hapana. Kazi kubwa ilikuwa Myriam. Alipoambiwa tutaenda, kesho yake tulimukuta katikati ya nyumba amefunga mu kitenge sufuria, bidon ya maji, sahani zote, na juu yake kuku moja, miguu imefungwa vizuri kabisa na kamba ya ndizi. Iko na miaka tano.

"Myriam! Ule kuku ni wa mama Valérie!"

"Mama Valérie hatakuja?"

"Hakuna mutu atakuja. Vakanse hatubebake nyumba. Tunabeba nguo ya kubadilisha tu."

"Na sufuria?"

"Itabakia. Tukirudi tutaikuta."

Myriam alimuangalia mama yake vile mutu anaangalia muuzaji wa kilo ya uongo. Alifungua kuku, lakini sufuria alilala nayo.

Njo mama mudogo akaanzisha kile aliita mazoezi ya kurudi. Sijaona mutu mwingine duniani anafundisha watoto kitu kama hicho. Jumamosi ya kwanza alifunga mulango, akawapeleka mupaka pwani, fasi wavuvi wanaanika nyavu, wakakaa, wakarudi. Jumamosi iliyofuata tulienda mupaka Bweremana. Bienvenu aliuliza ku kila kona, "Nyumba iko bado?" na mama yake alijibu ku kila kona, "Iko." Tuliporudi nyumbani, Myriam hakuingia. Alizunguka nyumba yote, akigusa mbao na mukono, kama mukaguzi. Kisha akaingia, akahesabu sahani.

"Unataka nini hasa, mama mudogo?" nilimuuliza tukiwa tunaanika sambaza. "Si ungewapeleka tu?"

"Nataka mara moja," alisema. "Moja tu. Watoke kwao wakicheka, warudi siku ile mimi nimesema. Wakikuwa wakubwa wajue barabara inaweza kufanya vile pia. Mimi nimekuwa mukubwa bila kujua. Ukiniambia 'safari', moyo unatafuta viatu."

Ku mazoezi ya mwisho tulirudi na jua kali. Myriam alitangulia, akasukuma mulango, akaingia moja kwa moja, tukamusikia ndani analalamika kwamba maji ya kunywa ni ya moto. Hakuzunguka nyumba. Hakugusa mbao hata moja. Mama mudogo alifunika kinywa na mukono, akaenda kusimama nyuma ya choo, akalia kule. Nilimufuata, nikauliza kuna nini.

"Ameingia bila kuangalia," alisema. "Uliona? Ameingia bila kuangalia!"

Tuliondoka siku ya kazi, asubuhi, moto mbili: yeye na Myriam mbele, mimi na Bienvenu nyuma. Mama mudogo aliacha kitanda kimetandikwa na nguo ku kamba zinakauka, kwa makusudi. Mama Valérie alisimama ku njia, akapiga kelele, "Muniletee fromaji ya maziwa ya ngombe, wazungu!" na mama mudogo akainua mukono vile wakubwa wanafanya mu gari. Tulifuata ziwa, tukapita Shasha, tukafika Sake, na pale barabara ikaanza kupanda. Vumbi ya kiangazi ilitufanya sisi wote wazee, nywele nyeupe. Bienvenu aliuliza ngombe wote wale ni wa nani, na kwa nini hawaanguki ku ule muteremuko, na mimi pia nilitaka kujua.

Tulipofika Mushaki, dereva wa moto yetu alizima, na mwenzake pia.

"Mama, mimi naishia hapa."

"Tulipatana Bihambwe."

"Mbele sijui."

"Kuna nini mbele?"

"Sijasema kuna kitu. Nimesema sijui."

Mama mudogo hakubishana. Aliangalia soko. Kwetu mutu akitaka kujua habari haangalii mbingu wala haulizi askari, anaangalia mikono ya wamama wanauza. Wakianza kukunja shiti wanatandikia bidhaa, nawe unakunja maisha yako. Lakini wale wamama walikuwa wamekaa. Mumoja alikuwa anapanga viazi vyake upya, kubwa juu, ndogo chini, kama mutu anayengoja wateja mupaka jioni.

"Tutatembea," mama mudogo akasema. "Vakanse ni kutembea."

Tukatembea. Na nitasema ukweli, ule mwendo ulikuwa muzuri. Baridi ilikuwa inauma masikio, majani yalikuwa kijani mu bonde hata mu kiangazi. Na Myriam alilia! Alilia ku kila kona: miguu, kiu, jua, jiwe mu kiatu, tena miguu. Alikaa chini katikati ya barabara, akasema yeye hatasonga mupaka apewe biskuti. Bienvenu akamutukana, "Mutoto wa mayai weye," naye akamutupia kiatu.

Mama mudogo alikuwa anacheka mupaka akashika kiuno.

"Musikie! Analia kama mutoto wa tajiri! Mutoto wangu analia kwa sababu ya biskuti!"

Akamupa biskuti. Akamupa na ya kwake.

Watu wa kwanza tuliwaona ku kona iliyofuata. Mwanamuke na mbuzi mbili. Nyuma yake kijana na godoro ku kichwa. Kisha barabara yote ilijaa, na hakuna mutu alikuwa anasema, ulisikia miguu tu. Mama mudogo alisimama. Mwanaume mumoja mwenye kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, meza imepinduliwa juu yake na mutoto amelala kati ya miguu ya meza, alimutambua. Alikuwa papa Evode, jirani wa koko kule Bihambwe.

"Adelaïde? Unaenda wapi?"

"Vakanse," mama mudogo akasema.

Papa Evode alimuangalia kwa huruma, kama mutu anaangalia mutu mwenye kichwa kimeharibika.

"Mama yako ni muzima. Ameshuka njia ya Ngungu na wamama wa kanisa. Geuza watoto."

"Wenye bunduki wamefika mu kijiji?"

"Unataka kungoja wafike?"

Juu, mbali, kulitoka milio mbili, kama mutu anapasua kuni ngambo ya bonde. Mama mudogo hakugeuka. Alibaki anaangalia kilima cha mbele, na mimi nilijua kwamba nyuma ya kile kilima njo kwao, pengine mwendo wa saa chache. Nilimuvuta kitenge. "Mama mudogo. Mama mudogo, watoto."

Nikageuka kuwashika watoto, na watoto walikuwa wamekwisha geuka. Hakuna mutu aliwaambia. Bienvenu alikuwa ametupa mufuko wa nguo kando ya njia na ameshika pindo ya nguo ya dada yake, ameizungusha mara mbili ku mukono. Myriam alikuwa ametoa viatu vyote viwili. Alikuwa anatembea katikati ya watu wakubwa, si ku ukingo, hatua fupi, za haraka, kichwa chini. Nilikimbia kuwafikia, na nilikuwa na shida kuwafikia.

Mama mudogo alikuja nyuma yetu, anahema.

"Myriam, miguu haiumi?"

"Hapana."

"Uko na kiu? Nikubebe?"

"Hapana."

Mawe ya ile barabara ni makali, mimi niliyasikia hata kupitia sapato yangu. Kile kitoto hakikuangalia hata fasi kinakanyaga.

"Lia basi kidogo," mama mudogo akasema. "Lia, mutoto wangu. Sema umechoka. Hatukimbii, tunarudi tu nyumbani, unaona? Vakanse imeisha, tunarudi. Kaa chini kama ulivyofanya kule. Myriam, kaa chini, uombe biskuti..."

Sauti yake ilikuwa inapanda. Watu walianza kugeuza vichwa, na mwanaume mumoja alimuambia anyamaze. Hakusikia. Aliendelea kumuomba mutoto alie, na yeye mwenyewe alikuwa analia.

Myriam hakusimama. Aliinua mukono, akatafuta ule wa mama yake, akaushika.

"Nyamaza, Mama," akasema, polepole, karibu bila sauti. "Watatusikia."

Mama mudogo akanyamaza. Tuliteremuka vile mupaka Sake, hakusema tena neno, na ule mutoto njo alikuwa anamuongoza.