Jina Lisiloitwa Peke Yake

Nakumbuka asubuhi uliyokataa kuitika, mwanangu. Kukhu wako, mama mzazi wa baba yako, alikuwa amepanda ngazi za ploti yetu hapa Gatina, orofa tatu, kikapu mkononi, viatu vimejaa matope ya kutoka Kibera. Alikuwa anakuja kumwona mtoto mchanga. Kabla hajafika mlangoni akaanza kukuita kama kawaida yake.

"Nasimiyu! Njoo unipokee!"

Wewe ulikuwa umesimama kando ya kitanda, mdogo wako amekushika kidole. Ulisikia. Nilikuona ukisikia. Lakini hukujibu, ukanitazama mimi.

Ulikuwa na miaka sita tu, kwa hivyo huenda umesahau, au unakumbuka nusu. Ndiyo maana nakuandikia. Kwa mdomo mimi si mtu wa maneno mengi, unanijua. Kuandika naandika polepole, darasa la nane ndilo la mwisho nililokalia, lakini neno nikishaliandika siliogopi.

Kazi yangu unaijua. Nafuma sweta na shali za watoto pale soko la Kongo, na mteja akitaka, nadarizi jina la mtoto kwenye pembe. Majina huja mawili mawili. Mama mmoja analeta Travis na Trevor, mwingine Shirleen na Charleen. Nilikuwa natundika shali hizo kwenye kamba, jozi kwa jozi, na watu wakipita wanasimama kuzisoma. Kwa kweli zilipendeza. Nilipokuwa na mimba ya mdogo wako nikaanza kutamani na mimi niwe na jozi yangu.

Jirani yangu wa biashara alikuwa Mama Jayden, yule anayeuza nguo za mitumba za watoto. Mtu mzuri, ila mdomo wake haupumziki.

"Mama Nasimiyu, huyu wa tumboni ataitwa nani?" akaniuliza siku moja, wateja wamejaa.

"Bado sijajua."

"Usituletee shosho mwingine, jina la bibi kizee! Nasimiyu mmoja anatosha huu mtaa. Ukimwita huyo mtoto, mimi hugeuka nikidhani atatokea mzee na bakora."

Wateja wakacheka. Na mimi, mwanangu, nikacheka nao. Hapo ndipo nilipokosea kwanza, na mengine yote yalifuata hapo. Nilikuwa msichana wa haya, nisiyependa kuangaliwa, na nilidhani nikicheka watanyamaza. Hawakunyamaza. Kila asubuhi ikawa, "Shosho wako amekunywa uji?" Na kwa kuwa huku kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, hilo jina walilokuwa wakilicheka lilikuwa limenikaa na mimi. Nikaanza kutamani kuitwa kitu kingine.

Basi nikachagua. Mtoto, akiwa msichana, angeitwa Shanice. Nililipenda sana hilo jina, hata leo silichukii. Lakini nilipoliweka kando ya Nasimiyu halikukaa. Nikajaribu kulichora kwenye karatasi kwanza, kwa penseli, kama ninavyowafanyia wateja: Nasimiyu na Shanice. Ilikuwa kama gumboti la matope na kiatu cha harusi. Mtu mwenye akili angetafuta kiatu kingine. Mimi nikatupa gumboti. Nikasema wewe utakuwa Shantel.

Baba yako alirudi kutoka kibarua cha ujenzi, mjengoni, amechoka, nikamwambia akiwa anakula. "Fanya vile unaona," akasema, na nadhani hakusikia hata nusu. Nikadarizi shali ya Shanice kwa uzi mwekundu, na sweta yako ya shule nikaiandika Shantel kwa uzi huo huo. Siku mdogo wako alipozaliwa nikakuvalisha, nikakushika mabega.

"Kuanzia leo wewe ni Shantel. Sawa?"

"Na Nasimiyu?"

"Nasimiyu ameisha. Mtu akikuita hivyo usiitike."

Ulikubali kwa kichwa. Ulikuwa mtoto mtiifu, na ndiyo maana asubuhi ile, mdogo wako akiwa na siku tatu duniani na mvua inapiga mabati ya jirani, Kukhu aliita mara ya pili, akaita mara ya tatu, na hakuna aliyemjibu.

Akaingia. Akatua kikapu, kuku akiwa ndani amefungwa miguu, na unga wa wimbi wa uji wangu. Akakuona umesimama palepale.

"Kumbe uko hapa! Masikio umeyaacha shule?"

Ukasema kwa sauti ndogo, "Kukhu, Nasimiyu hayuko."

"Ameenda wapi?"

"Mama alisema ameisha. Sasa mimi ni Shantel."

Nilitamani kitanda kinimeze. Kukhu hakupiga kelele. Alinawa mikono, akamchukua mtoto, akaifungua ile shali na kuisoma herufi kwa herufi, maana hata yeye kusoma alijifunza ukubwani.

"Umedarizi vizuri," akasema. "Mkono wako ni safi." Kisha akakaa kwenye stuli. "Sasa niambie, nikuite Mama nani?"

Nikavuta shuka nifunike miguu.

"Huyo Nasimiyu alikuwa mama mkwe wangu. Unajua hilo?"

"Najua, Mama."

"Unajua jina. Yeye humjui. Mimi nilifika kwake pale Bungoma nikiwa kama wewe, siongei, nikiulizwa kitu naangalia chini. Wake wa shemeji zangu walinicheka. Yeye alikuwa ananiita jikoni, tunamenya maharagwe wawili, ananiambia, sema na mimi kwanza, hao wengine watakuja. Alipougua nilimuosha mwenyewe mpaka mwisho. Tukamzika, nikalia. Halafu wewe ukamzaa huyu mtoto, kiangazi, jua limewaka vile vile kama siku mzee alipozaliwa, tukampa jina lake, jina la wa kiangazi, nikaacha kulia. Sasa unataka nimzike mara ya pili kwa sababu hafanani na Shanice?"

Mwanangu, nimesemwa mara nyingi maishani. Sijawahi kusemwa taratibu namna ile.

"Walikuwa wanacheka, Mama," nikasema. "Pale kazini."

"Watu wa soko hucheka. Kesho watacheka viatu vyako. Utakata miguu?" Akamgeuza mtoto begani. "Sikukatazi jina la Kizungu. Wape hata matatu matatu, kanisani wanayapenda. Lakini usimwondoe mkubwa ili mdogo apate pa kukaa. Huyu ana akili. Siku aliyozaliwa mdogo wake ndiyo siku aliyonyang'anywa jina. Akikua, unafikiri atasema ni nani alimnyang'anya? Hatasema ni wewe. Atamwangalia huyu."

Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Nilikuwa nimewaza herufi, na vile zitakavyoonekana kwenye kamba.

Ukamuuliza Kukhu, ukiwa bado umesimama mbali kidogo, "Huyo Nasimiyu mwingine alikuwa na mdogo wake?"

Kukhu akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Alikuwa naye! Nafula. Ni jina la aliyezaliwa wakati wa mvua, kama huyu. Walikuwa wakigombana kama kuku, lakini ukimwona mmoja sokoni unamtafuta mwingine kwa macho. Pale nyumbani hakuna mtu aliyeita Nasimiyu peke yake. Mtu alisimama mlangoni akaita, Nasimiyu na Nafula! Hata kama alimtaka mmoja."

Ukasogea kitandani. Ukaangalia dirishani, mvua bado ilikuwa inanyesha.

"Basi huyu ni Nafula," ukasema.

Ukamwita hivyo sikioni, na mimi nikaangalia chini kwa sababu ya machozi. Kukhu alinipa shali. Nilichukua sindano nikaanza kuutoa ule uzi mwekundu. Kutoa herufi ni kazi kuliko kuzitia. Unaanzia mwisho, unarudi nyuma, ukivuta kwa haraka unapasua kitambaa. Nilitoa Shanice, nikatoa na Shantel kwenye sweta yako. Kwa uzi huo huo nikaandika Nafula, na kwako nikaandika Nasimiyu, herufi kubwa kuliko mwanzo. Sweta hiyo bado ninayo. Ukiileta karibu na taa utaona matundu ya jina lile lingine. Siyazibi.

Mtoto alipotimiza mwezi nilirudi Kongo naye mgongoni. Mama Jayden akaniuliza kama kawaida, "Shosho wako mzima?" Sikucheka. Nikamwambia, "Mzima, na amepata mwenzake. Hebu waite wako tuone." Akaita Jayden, wakaja wote wawili, Jayden na mdogo wake Jaylen, wakabaki wanauliza ni nani ametumwa. Hapo tukacheka, safari hii na yeye akijicheka.

Sasa sikiliza, mwanangu. Siku moja utapata mtoto, kisha wa pili, na utaketi kama nilivyoketi na penseli. Anza na mkubwa. Jina lake tayari ni nyumba aliyozoea kuishi. La mdogo ndilo utakalolipima kwa lake. Usiyapime kwa macho tu, yapime kwa sauti. Simama mlangoni uyaite yote mawili kama unayewaita kunywa uji, usikie kama kila mmoja atajua ni yeye. Uliza nyumbani ni majina gani yalitembea pamoja kabla yako, upande wa baba na upande wa mama, maana ili majina yapatane si lazima yaanze na herufi moja. Na mtu akilicheka jina la mtoto wako mbele yako, usicheke naye kwa kuona haya. Mtoto anakusikia.

Mimi siku hizi mteja akija kuagiza shali, kabla sijashika uzi namuuliza, "Mkubwa anaitwa nani?" Wengine hushangaa. Nangoja mpaka wajibu.

Mungu akupe siku nyingi, mwanangu. Akupe watoto wasioondoana. Asikose kukuwekea mtu wa kukuita kwa jina lako kamili, awe wa nyumbani au wa mbali, na ukiitwa, uitike kwa nguvu. Naacha kuandika sasa, uji umeiva. Nasimama mlangoni niwaite: Nasimiyu na Nafula.