Mkono wa Kushoto Ndio Bwana Mkubwa

Wapo jamaa zangu mpaka leo wanasema nilikwenda uwanjani kugombana na kocha wa mjukuu wangu. Uongo. Ningegombana naye angelijua. Tulikwenda kuuliza swali, na swali lenyewe hata sikuliuliza mimi. Hasira nilikuwa nazo, hilo sikatai, na hivi ninavyoandika bado hazijaniisha.

Mjukuu wangu anacheza hoki. Ni mtoto wa binti yangu, kazaliwa hapa hapa London. Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza. Alipoingia chuo kikuu, kule kusini ya mto, walimchukua timu ya kwanza mwaka ule ule. Nikawapigia simu watu ambao nilikuwa sijasema nao miaka. Nikamnunulia fimbo mpya, ya maana. Mechi zao ni Jumatano, na mie kazi ya mabomba nimeshawaachia wanangu, magari na wateja na kila kitu, nilichokijenga mwenyewe bila ya kubebwa na mtu. Kwa hiyo Jumatano zangu ni zangu. Kutoka kwangu Stanmore mpaka uwanjani kwao Lewisham si mwendo wa mtu mwenye magoti kama yangu. Nikawa nakwenda.

Nikafika nikamkuta benchi.

Sawa, mgeni, asubiri. Wiki ya pili benchi. Ya tatu benchi. Anavaa jezi, anapasha mwili moto na wenzake, kisha anarudi kukaa na koti magotini. Mwisho mwisho, mechi ishaamuliwa, ndipo anaingizwa, kama mtu anayetia chumvi chakula kishaliwa.

Kocha wao kijana mrefu, meno mazuri, filimbi shingoni. Na neno lake moja: "Brilliant!", yaani safi kabisa. Mtu akipiga mpira nje, brilliant. Akiteleza akaanguka, brilliant. Mjukuu wangu akiinuka benchi kuokota chupa za maji, brilliant.

Nikamwuliza mtoto, "Anakwambiaje huyu? Kwa nini hakuchezeshi?"

"Anasema niko sawa, Babu. Anasema ananipumzisha."

"Anakupumzisha na nini? Umefanya kazi gani ukachoka?"

Akacheka, lakini halikuwa cheko lake.

Mie hoki nimecheza, sisemi kwa kusikia. Nilifika nchi hii kijana, baada ya mapinduzi kule kwetu Unguja, skuli sina. Nilikomea darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nusu. Nikapata kazi kwa fundi bomba, naye akawa ananipeleka siku moja kwa wiki chuo cha ufundi, upande wa magharibi, si mbali na Southall. Pale palikuwa na mwalimu wa kuchomea vyuma, Singasinga aliyezaliwa Kenya, na ndiye aliyeishika timu ya hoki ya chuo. Nusu ya wachezaji walikuwa watoto wa Nairobi na Kisumu na Dar. Uwanjani tulisema Kiswahili ili wale wa upande wa pili wasitufahamu. Kiswahili cha Mwalimu kilikuwa balaa.

Siku ya kwanza tu kaniita, "Wewe mtu ya Unguja! Wapi gongo yako?"

Nikamjibu, "Mwalimu, mie Mwislamu. Sinywi gongo."

Wale wa Dar walianguka chini. Kwake yeye gongo ni fimbo ya kuchezea, basi. Hakujua kwamba kwetu ni pombe ya magendo. Alipoelezwa alicheka mpaka kilemba kikakaa upande, kisha akanikimbiza kuzunguka uwanja mzima kwa ujuvi wangu.

Lakini alikuwa na desturi moja yule bwana. Kabla ya kugawa jezi alimwendea yule aliyemwacha nje, akasimama mbele yake, akamwambia mwenyewe. Hakubandika karatasi ukutani wala hakutuma mtu. Jumamosi moja nikamwona anakuja kwangu. Mie niliyejiona ndiye timu!

"Leo wewe hapana cheza."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Mkono yako ya kulia nanyonga fimbo. Nashika kama shingo ya kuku. Fimbo hapana geuka. Hapa mkono ya kushoto ndio bwana mkubwa. Hii ya kulia boi tu, nafungua mlango, nafunga mlango."

Fikiria. Mtoto aliyekulia Unguja! Mkono wa kushoto kwetu haugusi chakula, haumpi mtu kitu, haupokei kitu. Mama yangu kaupiga makofi tangu sijui kusema vizuri. Leo mtu anasimama mbele ya wenzangu ananiambia huo ndio bwana mkubwa. Nilipanda hasira, nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Akayasikiliza yote, mikono kaikunja kifuani.

"Umemaliza? Haya. Chukua fimbo, mkono moja."

Mechi nzima nilikuwa nyuma ya goli napiga mpira kwa kushoto peke yake. Na yeye, timu yake inacheza, inafungwa, alikuwa akigeuza kichwa kila mara kunitazama. "Kulia tia mfukoni!" Wiki ile kazini nilishika spana kwa kushoto mpaka bosi akadhani nimeumia. Nilirudi timuni. Nusu ya wakati nilimchukia yule mzee, na sikukosa siku hata moja, mvua au barafu. Kwa sababu nilijua ananitazama. Mtu hawezi kukutajia kosa lako kwa jina kama hajakukodolea macho. Hicho ndicho ninachokitaka kwa kocha. Mengine yote, tabasamu na filimbi na koti lenye jina mgongoni, wampe anayetaka.

Atakuwepo wa kuniuliza, basi kwa nini usimwambie mjukuu wako kosa lake mwenyewe? Nilimwambia. Katika zile dakika anazotupiwa nililiona, lile lile la kwangu, mkono wa kulia unanyonga. Akanijibu, "Babu, hayo mambo ya zamani. Siku hizi haishikwi hivyo." Sikubishana. Babu akisema, mtoto anasikia babu tu.

Kisha ikaja Jumapili amekuja kula kwangu. Akaisimamisha fimbo pembeni ya mlango, penye miavuli.

"Mpe mtu, Babu. Naacha."

Kwa Kiswahili. Huyu ambaye hata salamu hunijibu kwa Kiingereza.

"Unaacha kwa kuwa umechoka na hoki, au kwa ajili yake yeye?"

Akarudi kwenye Kiingereza chake, macho yamemjaa maji. "Sijui kibaya changu ni nini. Ningekijua ningekitengeneza. Kila siku mimi brilliant, na kila siku nakaa."

Nikamwambia fimbo haiendi kupewa mtu mpaka kwanza amwulize kocha hilo hilo alilonieleza mimi. Akasema atauliza, kwa sharti nikae kimya. "Utaniaibisha, Babu." Nikakubali.

Jumatano mechi ilipokwisha, kocha anatia mipira kwenye mfuko, mtoto akamwendea. Mie nimesimama nyuma yake, mikono mfukoni. Akasema kwa adabu, bila ya kulia: "Nataka kujua kitu kimoja ninachokifanya vibaya, nikakifanyie mazoezi."

Kocha akaachia meno. "Wewe uko brilliant! Timu nzima inakupenda."

"Kimoja tu."

Akautazama mfuko. Akaitazama simu yake. "Labda kujiamini."

"Kujiamini kwenye nini?"

"Kwa jumla."

Kwa jumla! Mie nimefanya kazi ya mabomba umri wangu wote. Fundi akija nyumbani kwa mtu akasema bomba linavuja kwa jumla, namfukuza siku hiyo hiyo na spana zake. Huyu hakuwa akificha kitu ili asimwumize mtoto. Hilo ningemsamehe. Hakuwa na kitu cha kuficha. Jumatano zote zile, mtoto anasafiri na basi la timu, anarudi usiku, anafua jezi isiyo na tope, na mtu huyu hajamtazama.

Niliahidi kunyamaza, na nilinyamaza muda mrefu kuliko nilivyoweza. Neno moja likanitoka. "Hujamtazama," nikamwambia. "Hata mara moja." Meno yakajificha. Huo ndio ugomvi wenyewe wanaousimulia watu.

Nilidhani mjukuu wangu atanigeukia mie. Akanishika mkono wa koti tukaondoka. Kwenye treni, tulipovuka mto, akaniambia, "Hajui hata nachezea upande gani." Fimbo alikuwa kaikumbatia.

Wiki iliyofuata akateremka mwenyewe timu ya tatu. Binti yangu akaona ni fedheha, kanipigia simu kunilaumu mie. Timu ya tatu inashikwa na mama mmoja wa Kiingereza, goti limefungwa bendeji, sauti utadhani ananadi samaki mnadani. Kiwanja wanachopewa ni kile kibovu. Jioni ya mazoezi ya kwanza mjukuu wangu akaja kwangu kalowa mvua, mfuko akautupa sebuleni.

"Babu, yule mama ana wazimu! Sijakaa hata dakika tano kasimamisha mazoezi. Mbele ya wote! Eti mkono wangu wa kulia unaikaba fimbo. Eti nani alinifundisha ujinga huu!"

"Ukamjibuje?"

"Nimemjibu vibaya. Kanitenga pembeni, nipige kwa kushoto peke yake mpaka mwisho. Na kila nikiinua kichwa ananitazama!"

Sikumwambia kwamba mie nilishasema.

"Mazoezi ya pili unakwenda?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa upumbavu. "Nakwenda. Nataka nimwoneshe."

Nikampakulia wali. Mkono wake wa kushoto alikuwa kauweka juu ya meza, vidole havifumbi. Nikamwambia ale kwa wa kulia, huo wa kushoto aupumzishe.