Nyangumi Watano wa Mjomba

Ulimi uliniponza nikiwa karani kijana mjini Moroni, miaka ile mamluki walipokuwa wameishika nchi. Ofisini niliitwa kumtafsiria afisa wao mmoja, Mzungu mcheshi aliyelalamika kwamba visiwa vyetu havina mnyama wa kuwinda. Nami nimelelewa mgeni asiondoke na kinyongo. Nikamwambia wapo nyangumi wauaji, Mutsamudu, kisiwa cha jirani kwa mjomba wangu, na kwamba mahali wanapoibuka napajua.

Mjomba alikuwa mvuvi, na nyangumi wale aliwajua kuliko alivyowajua baadhi ya wakwe zake. Walikuwa watano tu. Huyu pezi limepinda, yule limechanika. Tangu ujana wake hakuona mgeni akijiunga nao wala mtoto akizaliwa. Akifa mmoja, pengo linabaki. Kwa hiyo wavuvi walijiwekea desturi: kundi likipita, kila mtu anapandisha mshipi wake mpaka litokomee. Aliyekaidi alisuswa na mji. Haalikwi harusini, salamu yake haiitikiwi.

Juma lililofuata nilishuka bandarini Mutsamudu pamoja na afisa na bunduki yake. Moyo ulikuwa mzito, nikaenda moja kwa moja kwa mjomba.

"Kwezi, mjomba," nikamwamkia kwa adabu ya kwetu, kisha nikamweleza yote. Nilingoja matusi. Alinisogezea sahani ya wali.

"Kula kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki. Hapa hakuna atakayempeleka. Lakini wewe alama unazijua, na yeye anajua kwamba unazijua."

Kweli nilizijua, alinifundisha mwenyewe utotoni: mnara wa msikiti ukijificha nyuma ya pembe ya ngome, hapo ndipo wanapoibukia.

Asubuhi ngalawa zote zilikuwa zimepinduliwa ufukweni na wenyewe hawaonekani. Afisa alifoka, akachukua boti ya injini, akanikalisha nyuma kwenye usukani, yeye mbele na bunduki. Ningempeleka kwingine, lakini alikuwa ameshawauliza askari wa bandarini, na upande ule aliujua.

Mnara ukajificha. Nikatazama nyuma, na pezi lililopinda lilikuwa linapanda majini, karibu kabisa. Nikanyoosha kidole mbele, kwenye bahari tupu.

"Kule! Kule!"

Akakaza macho, bunduki begani. Nyuma yangu nyangumi walipumua. Niliipa injini moto ipige kelele, na wallahi nilikohoa mpaka kifua kikauma, ili asigeuke. Hakugeuka.

Tulirudi adhuhuri mikono mitupu. Alinitukana matusi yote ya Kifaransa niliyoyajua na mengine mapya, na kazi yangu ya Moroni ikaishia palepale. Sijaijutia hata siku moja. Namshukuru Mungu kwa kikohozi kile, na namshukuru mjomba, ambaye alikuwa na haki ya kunisusa.

Nilimkuta barazani na wavuvi wenzake. Nilitoa salamu, hakuna aliyeitikia, na sikuwalaumu.

"Wazima?" aliuliza mjomba peke yake.

"Wazima, mjomba. Na yule mwenye pezi lililopinda ana mtoto. Nimemwona ubavuni mwake."

Mjomba akasimama. Alinishika mabega, akanigeuza niwatazame wale waliokuwa wamenuna.

"Sema tena," akaniambia. "Sema kwa sauti, wakusikie."